Mwaka Luhende Alipokalishwa Mbele ya Filamu

Mume wangu tulimzika mwezi wa pili, ardhi ikiwa laini kwa mvua, na nyumba yetu hapa Shinyanga ilijaa watu mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Waliokuja walilia, wakala, wakaondoka. Wamebaki wajukuu na simu zao. Juzi mchana nilikuwa sebuleni nachambua mchele, wao wamelala kifudifudi kwenye mkeka, vichwa vimegusana juu ya kisimu kimoja kama watoto wa mbwa kwenye bakuli. Nikasikia king'ora, nikasikia mbwa, nikasikia watu wanahema. Nikauliza, "Mnaangalia nini?" Mkubwa wao, Kabula, akajibu bila kuinua macho, "Watu wanatoroka gerezani, Bibi. Halafu ni kisa cha kweli." Nikamuuliza nani kamwambia ni cha kweli. "Si imeandikwa hapa mwanzoni!" Nikacheka mpaka machozi, wao wakatazamana, maana tangu msiba hawajanisikia nikicheka, walidhani bibi yao sasa ndiyo kapotea. Imeandikwa! Mimi nimeona mtu akifungwa kamba mikononi kwa sababu ya filamu ya kisa cha kweli, nusura auawe, na mtu huyo ndiye yule tuliyemzika mwezi wa pili.

Nani alinizaa na nilifikaje Rwamgasa, hayo yana siku yake. Nilikuwa msichana, nilikuwa na mikono yenye nguvu, na nilipika kwenye hoteli ya Mama Doto. Msidhani hoteli ya vitanda. Kuta zilikuwa mabati yaliyotoboka, juu turubai la bluu, chini udongo tuliomwagia maji asubuhi ili vumbi lisiingie kwenye mboga. Mbele kulikuwa na benchi na meza zilizotengenezwa kwa matimba, magogo yale yale ambayo wachimbaji huyasimamisha ndani ya duara, shimo la dhahabu, ili udongo usiwaangukie. Nyuma kulikuwa na jiko, mafiga, masufuria meusi, na mimi. Katikati pazia la gunia. Pazia lile lilikuwa shule yangu. Mtu akishakaa na mkono wake ukaingia kwenye ugali, anasahau kwamba nyuma ya gunia kuna mwenye masikio. Asubuhi niliwapa michembe, viazi vikavu vile vya kwetu, nimevipika na karanga. Mchana ugali wa dona na sangara waliokuja na gari kutoka Chato, au dagaa gari lisipofika. Na kila siku nilikula maneno yao kabla wao hawajala chakula changu.

Maneno ya mwaka ule yalikuwa ya kushukiana tu. Viroba vya mawe vilikuwa vinaibwa. Mtu anachimba wiki na wiki, anapandisha mawe yake, anayajaza kwenye kiroba karibu na mdomo wa duara, anakuja kula, akirudi anakuta alama ya kiroba mavumbini. Kila mmoja akawa anamtazama mwenzake viganja. Tena machimboni hakuna anayeulizwa jina la babake. Watu wanaitwa Chumvi, Pancha, Kadogo, ukimwita mtu kwa jina lake la kweli hata mwenyewe hageuki. Siku za neema jambo hilo linachekesha. Siku za wizi linatisha. Mnachovya bakuli moja na mtu, halafu unakumbuka kwamba hujui katoka wapi. Sungusungu wa pale, walinzi wetu tuliowachagua wenyewe, waliongozwa na Mabula, mchimbaji mwenye kifua kama pipa na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Mabula hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa ameshamkamata mwizi mmoja kule mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, na walichomfanya yule mtu sitakisimulia hapa. Niseme tu kwamba aliondoka pale kwa kubebwa, na waliombeba walirudi na jembe.

Luhende alikuja masika. Alikuwa wa kwanza kuingia hotelini kila asubuhi, ndevu zimenyolewa, mikono ya shati imekunjwa sawasawa, viatu vimepigwa brashi. Machimboni, viatu vimepigwa brashi! Alikaa kona ile ile, mgongo ukutani, uso mlangoni. Alikula haraka bila kuongea, kama mtu anayesubiri kuitwa. Na kila alipoingia alipitisha macho kwa watu wote, benchi kwa benchi, midomo ikichezacheza. Mama Doto aliliona hilo kabla yangu.

"Minza, yule anasoma nini?"

"Labda anaomba, mama."

"Anamwomba nani, macho yako wazi hivyo? Yule ni mchawi, au ana mke. Mwanaume asiyetaja kwao ana mke kwao. Shika maneno yangu."

Mama Doto alikuwa ameachwa na wanaume wawili waliokuja kugundulika wana wake kwao, kwa hiyo maradhi yote ya dunia yeye aliyaona kuwa hayo.

Mimi nilimpenda. Sina haja ya kuzunguka. Nilimpenda kwa sababu hakunishika mkono nilipoweka sahani, na kwa sababu kila nilipompa maji alisema wabeja, asante ya kwetu Wasukuma, hata maji yakiwa ya tope. Siku moja wenzake walipotoka yeye alibaki, akasimama mbele ya pazia. Hakulifungua.

"Minza."

"Nakusikia."

"Mimi sina maneno mengi. Nikipata kidogo hapa nakwenda Chato. Kuna ziwa, kuna mashamba. Twende wote."

Nikamjibu kutoka nyuma ya gunia, mwiko mkononi, "Kwenu wapi?"

"Huko."

"Huko wapi?"

"Huko juu."

"Juu ni mbinguni. Kwani wewe malaika?"

Akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chake. Lakini hakujibu, nami nikamwambia akilikumbuka jina la kwao aje tuongee. Akaondoka, nikabaki na ugali unaungua na moyo unaosema mambo mawili: huyu ni mtu mwema, na huyu anaficha kitu. Leo wajukuu wangu wakimpenda mtu wanaingia kwenye simu, wanamkuta na picha zake, na shule aliyosoma, na mbwa wake. Mimi nilikuwa na midomo ile inayochezacheza na neno "huko". Na nilijua vizuri kinachompata msichana anayemfuata mwanaume asiyemjua: siku moja anaamka peke yake kwenye kijiji cha watu, mimba mbele, hajui hata ageukie njia gani. Wasichana wa namna hiyo niliwaona. Walikuwa wanakuja kwetu kuomba kuosha vyombo.

Sasa Kasuku. Ng'ambo ya njia, mbele ya hoteli, kulikuwa na kibanda cha video: nguzo, magunia, mablanketi ya kuzuia mwanga, na ndani televisheni iliyonunuliwa kwenye duka la Mhindi mmoja Geita mjini, na jenereta lililokohoa kuliko wazee. Filamu zilikuwa za lugha za watu. Hakuna aliyezijua, kwa hiyo mwenye kibanda alimweka Kasuku. Kasuku alikuwa mtu wa Kigoma, mwembamba, Ijumaa anavaa kanzu, siku nyingine fulana ya mpira. Alisimama pembeni ya televisheni na kipaza sauti kilichofungwa kwa plasta, akatufasiria. Akawa mwanaume, akawa mwanamke, akawa mbwa, akawa helikopta. Na ili tuelewe, kila mtu wa kwenye filamu alimpa jina la kwetu, na kila mahali akapasogeza karibu. Mchina anayepiga watu mateke akawa Masanja wa Kahama. Mzungu mwenye gari akawa bosi wa Bugarama. Meli ikizama, inazama hapo Ziwa Viktoria, karibu na kwa shangazi yako. Tulijua ni utani wake, na papo hapo hatukujua. Mtu akikuambia jambo kwa sauti nzuri gizani, na picha unaiona kwa macho yako mwenyewe, utamkatalia nini?

Jumapili moja alasiri ikaja filamu ya gereza. Niliingia na birika kuuza chai, nikabaki nimesimama. Gereza la mawe juu ya kilima, wafungwa wote wazungu, wamekonda, askari wamevaa makoti marefu. Wafungwa watatu wanachimba shimo chini ya jiko la gereza, na udongo wanaubeba kwenye masufuria ya uji, wanaumwaga bustanini. Kibanda kilikuwa kimejaa wachimbaji, basi wakaanza kuwafundisha kazi. "Weka matimba, wewe! Litakuangukia!" "Huyo anashika sururu kama mwalimu!" Kasuku akanogewa. Akasema gereza hilo liko huku huku kanda ya ziwa, ila halitaji kwa sababu ana watoto. Akasema kisa ni cha kweli, kweli kabisa, "Imeandikwa!" akagonga kioo cha televisheni kwa kidole. Wale watatu wakatoka. Mmoja akapigwa risasi, mmoja akakamatwa, wa tatu akapotelea porini. Mwisho yakatokea maandishi meupe kwenye weusi, na Kasuku akayasoma taratibu, sauti ameishusha: "Huyu wa tatu hajapatikana mpaka leo. Amebadilisha jina. Inasemekana anachimba dhahabu. Ndugu mtazamaji, mwangalie aliyekaa karibu yako."

Watu wakacheka. Kibanda kizima kilicheka. Halafu kicheko kikafa upande mmoja, kikafa upande mwingine, nami nikaona vichwa vinageuka.

Kesho yake asubuhi nyuma ya pazia nilisikia yote. Mmoja alisema, "Lakini wale walikuwa wazungu." Wakamrukia. "Wewe nawe! Filamu si kuigiza? Unadhani mfungwa mwenyewe atatoka mafichoni aje kuigiza? Wanatafutwa wazungu, ndio wenye kazi hiyo. Kisa ni cha huku, Kasuku kasema."

"Na yale maandishi?"

"Maandishi yalikuwepo. Niliyaona."

"Uliyasoma?"

"Nimesema niliyaona!"

Ndipo Mabula akauliza, mdomo umejaa michembe, "Haya. Nani hapa anakaa uso mlangoni? Nani hataji kwao? Nani jana hakuja kwenye filamu?" Hakuna aliyetaja jina. Nilichungulia kwenye tundu la gunia nikaona wote wanatazama kona. Kona ilikuwa tupu, Luhende alikuwa ameshakula akaondoka, lakini waliitazama kama vile kuna nyoka.

Na mimi? Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaanza kupanga. Anakula kama wale wa kwenye filamu, haraka, kichwa chini. Anaamka kabla ya jogoo. Mtu akiita kwa nguvu, yeye anasimama wima kabla hajajua kaitwa nani. Nilipanga mpaka nikaogopa. Lakini mchana alipokuja nilimwekea sahani, nikainama kama napangusa meza, nikamwambia, "Ondoka leo." Hakuuliza kwa nini, alikuwa ameshaona macho ya watu. Akasema, "Nikiondoka leo nitakuwa nimewajibu ndiyo." Akamaliza ugali wake. Jibu la mtu asiye na kosa, nikajiambia. Au la mtu aliyezoea kukimbia, anayejua lini akimbie na lini atulie. Hata jibu zuri lilikuwa na pande mbili.

Hazikupita siku nyingi, kiroba kingine kikaibwa, tena cha Mabula mwenyewe. Walimkamata Luhende akitoka duarani, uso mweupe kwa vumbi la mawe, wakamfunga mikono kwa kamba ya katani. Wengine walitaka yaishe pale pale mdomoni mwa shimo. Mabula akawazuia. Alijivunia kuwa mtu wa haki. "Kwanza tuhakikishe," alisema. "Tumkalishe aione filamu. Hakuna mtu atakayejiona mwenyewe akitoroka halafu uso wake usiseme. Uso ukisema, basi." Watu wakatikisa vichwa, wakasema kweli huyu ana akili. Na mimi niliyekuwa nimeacha maharage motoni, nilisimama pale nikaona kwamba uhai wa mtu umewekwa kwenye ngozi ya uso wake.

Ilikuwa mchana, jua limesimama, na ndani ya yale mablanketi joto lilikuwa la tanuri. Luhende aliwekwa benchi la mbele, mikono iliyofungwa juu ya magoti. Mabenchi mengine yaligeuzwa yamwelekee yeye. Ndiyo siku pekee niliyoona kibanda kimejaa hivyo na hakuna hata mmoja anayetazama filamu. Mwanga wa televisheni ulimpiga usoni, na watu walikuwa wanausoma ule uso. Mabula akamwambia Kasuku, "Ile ile. Neno kwa neno kama Jumapili." Kasuku akashika kipaza sauti. Neno kwa neno? Maskini, hakukumbuka hata moja. Yule mfungwa ambaye siku ya Jumapili alimwita Ng'wandu, leo akamwita Joni. "Si Ng'wandu huyo?" mtu akauliza. "Ndiye," akasema Kasuku, "Joni Ng'wandu." Hakuna aliyecheka.

Uso wa Luhende ulikuwa jiwe. Wafungwa wakachimba, jiwe. Wakamwaga udongo, jiwe. "Hashtuki," mmoja alisema. "Amezoea," akajibu mwenzake. Jasho likamtoka. "Anatoka jasho!" Mama Doto, aliyekuja na mwiko wake kama vile ni bunduki, akasema, "Na wewe unatoka nini, maziwa?" Lakini nilijua ananitetea mimi tu, yeye mwenyewe bado alikuwa anatafuta mke wa kwao. Nilisimama mlangoni na birika tupu. Niliona kwamba akishtuka ni yeye, na asiposhtuka ni yeye.

Ikafika pale askari wanapohesabu wafungwa. Mmoja alikuwa ameshaingia shimoni, hayupo. Wenzake wamesimama mistari, na kijana mmoja baada ya kuhesabiwa anazunguka nyuma kwa kunyata, anasimama mwisho wa mstari, anahesabiwa tena. Askari anatikisa kichwa, hesabu imetimia. Luhende akaruka kutoka kwenye benchi, kamba mikononi, akapiga kelele mbele ya televisheni, "Waambie wachuchumae! Watano watano, ndipo uhesabu! Watakupotezea mtu, mjinga wewe, utafungwa wewe!"

Mabula akainuka taratibu. "Umejuaje?"

Pale mlangoni mimi nikaelewa. Nikaelewa ile midomo. Alikuwa anatuhesabu. Kila asubuhi, benchi kwa benchi, kabla hajakaa, alikuwa anahakikisha tumetimia. Na sauti ile haikuwa ya mtu aliyewahi kuchuchumaa. Ilikuwa ya mtu aliyesimama juu ya waliochuchumaa. Mwanaume niliyekuwa nafikiria kumfuata Chato alikuwa askari wa magereza, yuko machimboni bila sare, anajificha. Na jambo hilo lilikuwa baya kuliko yote, maana pale nusu ya watu walichimba bila kibali; mwizi wangempiga, lakini askari aliyejificha wangesema kaletwa kutupeleleza, na asingetoka na mfupa mzima. Sikuwa na nafasi ya kufikiri. Nilifungua mdomo.

"Baba Mabula, nisamehe, mimi ni mpishi tu. Mfungwa gani anamfundisha askari kuhesabu? Mfungwa si angemwombea mwenzake apite?"

Wakanigeukia. Nikaendelea, maana ukishaingia majini huulizi baridi. "Na hayo ya kuchuchumaa, nani hajawaona wafungwa wakilimishwa kando ya barabara? Hata mimi najua. Mmemfunga mtu kwa kujua jambo ambalo hata ng'ombe wanaopita wanalijua?"

Mtu mmoja nyuma akaguna, "Kweli bwana. Mwizi hawezi kumwamsha mwenye nyumba afunge mlango." Mwingine akacheka. Kicheko kidogo, lakini nilisikia kamba inalegea. Mabula hakucheka. Akamgeukia Kasuku. "Peleka mwisho. Kwenye maandishi."

Maandishi yakaja, meupe kwenye weusi. "Soma."

Kasuku akainamia kioo. "Yanasema... wa tatu alikamatwa. Huko huko Ulaya. Ni mzungu. Tena amekufa zamani, kwa homa."

"Jumapili ulisema anachimba dhahabu!"

"Niliruka mstari."

"Onyesha. Weka kidole kwenye dhahabu."

Kasuku akapeleka kidole kwenye kioo, na kanda ikaisha. Kidole kikabaki juu ya kioo cha bluu tupu. Akabaki ameshika bluu, sote tunamtazama, mpaka akakaa chini. "Ndugu zangu," alisema, "Kiingereza sikijui. Hata neno moja. Mimi nasikiliza muziki. Muziki ukiwa wa huzuni nawaambia mtu kafa."

Mnadhani walimpiga. Hawakumpiga. Pancha, mchimbaji mmoja mzee wa jicho moja, akauliza kwa unyonge kama mtu aliyeibiwa, "Kwa hiyo Masanja wa Kahama hayupo?" Hapo ndipo kibanda kilipopasuka kwa kicheko. Mabula akamfungua Luhende kwa mikono yake, hakumwomba radhi, akatoa hukumu: Kasuku alipe mbuzi kwa kuwatisha watu. Mbuzi huyo nilimpika mimi, kwa chumvi na nyanya, na kila mtu alikula, pamoja na Kasuku, pamoja na Luhende. Jumapili iliyofuata Kasuku alikuwa pale pale na kipaza sauti, kibanda kimejaa, anadanganya na wanajua. Viroba viliendelea kuibwa. Ile filamu ilisema nini mwishoni mimi sijui mpaka leo, na hao wajukuu wakiniambia imeandikwa, nawauliza nani kaandika.

Siku ya pili baada ya mbuzi, hoteli ikiwa tupu, Luhende alikuja. Safari hii alilifungua pazia akaingia jikoni. Alama za kamba zilikuwa bado mikononi. Nilikuwa nakuna sufuria kwa majivu, sikuacha.

"Ulikuwa unatuhesabu," nikamwambia.

Akakaa juu ya mfuko wa mkaa. "Kila mahali nahesabu. Siwezi kuacha."

"Sema."

Akasema, na yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia. Alikuwa amepewa wafungwa wa kulima shamba la gereza. Mmoja akaomba ruhusa kwenda kichakani kujisaidia. Akampa. Mtu mzima, tumbo linamuuma, utamkatalia? Akasubiri. Akaita. Akaingia kichakani, akakuta majani yamelala kuelekea mbugani. "Kwetu," alisema, "ukipoteza mfungwa unaingia wewe. Niliwakabidhi waliobaki kwa mwenzangu, nikamwambia namfuata. Nikavua kofia, nikaiweka juu ya kichuguu. Nikaenda upande mwingine."

"Alikupa nini?"

"Hakunipa kitu."

"Nitajuaje?"

Akafikiri. Mwingine angeapa kwa mama yake, angetaja Mungu, angelia. Yeye akasema, "Hutajua."

Nimeishi naye mpaka nywele zikawa nyeupe. Amenijengea nyumba, amenizikia wazazi, ameniuguza. Na jibu hilo halikuwahi kuongezeka hata neno. Kuna miaka niliamini kwamba alihongwa. Kuna miaka nilimwonea huruma mpaka nikamchukia yule mfungwa nisiyemjua. Nimemzika na swali langu halijaoza. Lakini siku ile jikoni sikuwa na shida ya mfungwa. Nilikuwa na shida yangu.

"Wewe ni mtu wa kuondoka," nikamwambia. "Kazi ilipokuwa ngumu, uliondoka. Mimi ukinichoka huko Chato, kofia yangu utaiweka juu ya kichuguu gani?"

Nje gari la Geita lilikuwa linapiga honi kuita abiria, limesimama chini ya mteremko, karibu kabisa na kisima chetu. Pipa la maji lilikuwa limeisha. Nikachukua ndoo mbili, nikampa.

"Nenda kachote maji."

Akatazama ndoo, akanitazama mimi. Honi ikalia tena, kondakta anaita, "Geita! Geita! Tunaondoka!" Akatoka. Nilivuta kigoda nikakaa mlangoni, mikono imejaa majivu, nikaiangalia njia. Mama Doto alipita akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia asimame pembeni, ananizibia. Gari likaunguruma, likaondoka, vumbi likapanda likafunika kisima na mteremko mzima, sikuona mtu, sikuona ndoo. Nilikaa. Vumbi lilipoanza kushuka akatokea ndani yake, ndoo moja imejaa, nyingine nusu, suruali imelowa mpaka magotini, anaitukana ile njia kwa Kisukuma matusi ambayo sikujua kama anayajua. Akaweka ndoo miguuni pangu.

"Haya. Maji."

Nikayatazama. Nikayamimina yote kwenye pipa, hata nusu ya pipa hayakufika. Nikamrudishia ndoo zake.

"Bado," nikasema.